Marinda

Mimi ni fundi wa nguo, Mabanga, kibanda cha tatu
ukitoka kwa muuza makala. Sinema sikuisomea.
Muhindo, mtoto wa dada yangu, hunijazia kadi kule Birere,
vipindi ishirini kwa faranga mia tano,
nami huvitazama nikishona, mguu kwenye pedali,
jicho moja kwenye sindano, jicho moja Japani.

Naanza na wapiganaji.
Kijana anasimama juu ya paa, anataja jina la ngumi yake,
analitaja lote, na la mwalimu aliyemfundisha,
kipindi kinakwisha ngumi ingali hewani.
Huku kwetu anayekuja kupiga hajitambulishi.
Tungeyajua majina mapema tungefunga milango.
“Mama mdogo, ndiyo desturi yao,” anasema Muhindo.
Sawa, desturi. Lakini sombe limepoa.

Macho makubwa nimeyasamehe.
Machozi yale, yanayoruka kama bomba lililopasuka,
sijayasamehe. Sisi maji tunayafuata ziwani na madumu,
tunarudi shingo zimekaza. Lia kwa kipimo, mwanangu.

Mimi natazama marinda.
Kipindi cha kwanza: upepo unapita kwenye kituo cha treni,
sketi ya msichana inaujibu.
Rinda la kwanza linainuka, la pili linafuata,
la tatu linasita
kama mtu aliyesahau ufunguo nyumbani.
Nikasimamisha cherehani.
Aliyechora hapa, nikasema, amewahi kushika pasi.

Kipindi cha tisa: upepo uleule, sketi ubao.
Marinda yamekuwa mistari.
Nikajua fedha zimekwisha, au mchoraji amelala juu ya meza
na mwingine, mwenye njaa, amemmalizia.
Siwacheki. Niliwahi kushona sare arobaini
kuamkia siku ya kufungua shule.
Zile za mwisho, Mungu anisamehe, zilikuwa mistari.

Fupi ndizo zangu.
Dakika sita. Bibi kizee anamenya tunda rangi ya chungwa,
tunda nisilolijua jina. Ganda linashuka
bila kukatika, linashuka, linagusa mkeka.
Dirishani kuna mlima. Basi.
“Hakuna kilichotokea!” Muhindo analalamika.
Ganda halikukatika, nikamwambia.
Ulitaka nini zaidi?

Na ile nyingine, ya kijiji chini ya mlima wa moto:
hakuna ngoma, hakuna mtu anayekimbia.
Asubuhi watu wanafungua madirisha, wanafagia majivu
kwenye vigae, wanapiga chafya, wanachemsha chai.
Hao wanajua.
Nilitoka nje kuutazama Nyiragongo wetu,
mwekundu kidogo pale juu,
kama jiko ambalo mtu amelifunika akaenda kulala.
Cherehani ya mama iko chini ya jiwe lake jeusi
tangu mwaka ule; juu yake leo wanauza simu.

Ndiyo maana zile ndefu nina kesi nazo.
Kipindi cha mwisho, kila kilichozikwa kinarudi,
kinang'aa, kinaimbiwa.
Muhindo hulia hapo. Mimi hukata uzi kwa meno.

Tena moto wa umeme hukatika dakika kumi kabla,
kila mara, kana kwamba kampuni nayo imechoshwa na miisho.
Sijawahi kuomba nisimuliwe.

Wiki iliyopita Mama Asifiwe alileta kitambaa cha bluu,
sketi ya binti. Tulikubaliana marinda kumi na mawili.
Nikatia kumi na sita, nyongeza sikumtoza,
sikumweleza pia; ningeanzia wapi?
Asifiwe akaivaa, akavuka barabara,
chukudu imejaa viazi ikateremka kwa kasi
na upepo wake ukamfikia.

La kwanza likainuka.
La pili.
La tatu likagoma kabisa, limenata.
Pasi yangu ni ya makala, upande mmoja hauna joto.
Nimemwita arudi Jumamosi.