Sijambo, Ila

Siku tatu tulifungiwa ukumbini, hoteli moja ya Kisumu,
watu kumi na wanane na dodoso moja.
Maswali manane ya kwanza yalipita bila jasho:
usingizi, hamu ya chakula, uchovu, kujilaumu.
La tisa likakwama kooni mwa meza nzima.
Mmoja akasema, tuulize kama mtu amechoka.
Tukamcheka: Vihiga nzima nani hajachoka?
Mwingine akaleta maneno ya kanisani,
mazuri, mafupi, kama blanketi la wodi lisilofika miguuni.
Daktari Nanjero, mwanamke wa sauti kavu, akafuta ubao.
"Semeni kufa. Semeni kujiua.
Swali si mbegu, haliwezi kuota pasipokuwa na kitu.
Linamkuta mtu gizani, linamwambia:
hata mimi naliona giza hili."
Nikaandika. Mkono ukatetemeka, nikasingizia kiyoyozi.

Maana kwetu kulikuwa na Asava, mdogo wake baba.
Alizikwa jua likizama, bila wimbo, bila turubai,
nasi watoto tukaambiwa tukalale.
Jina lake hajapewa mjukuu yeyote.
Redio yake ilibaki juu ya kabati
na aliyeiulizia aliambiwa na bibi: ni ya mgeni.

Mudete, mwezi wa pili, vumbi jekundu hadi kwenye kope.
Endovo, fundi wa matofali, miaka arobaini na mmoja.
Hujambo? Sijambo.
Na nyumbani? Hawajambo.
Usingizi? Sawa. Chakula? Sawa.
Sawa zikapangana moja juu ya nyingine
kama matofali yake, mabichi bado.
Sijambo yetu ina mlango wa nyuma, na mlango huo ni ila.
Sijambo, ila mgongo. Sijambo, ila karo.
Yeye hakuufungua.
Nikauliza la tisa, kwa maneno yake yote.
Kuku akapita katikati yetu. Akamfuata kwa macho mpaka kuku akaisha.
"Ila hilo," akasema, "huja na umande.
Nikishakunywa chai huondoka.
Siku hizi chai inachelewa."

Skrini ilikuwa na visanduku vinne:
hata kidogo, siku kadhaa,
zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku.
Umande hauna kisanduku.
Nikailaza tableti kifudifudi kwenye nyasi.
Sikumwambia ajikaze. Kujikaza alikujua kuliko mimi.
Nikamuuliza nani mwingine huamka mapema pale boma.
Nikampigia Midecha, muuguzi wa Mbale, simu ina asilimia sita,
tukaketi kumngoja, tukizungumza udongo:
kwamba wa bondeni hupasuka,
kwamba tofali huanikwa kivulini kwanza,
jua la ghafla hulivunja toka ndani.
Mkewe aliporudi sokoni alitukuta watatu.
Alielewa kabla hajaambiwa,
akabandika chai, hajavua hata leso kichwani.

Ripoti itasema wahojiwa mia nne na kumi na wawili.
Itasema asilimia, na ni haki iseme,
wizara haisomi umande.

Mwezi wa tano nilirudi na dodoso la pili, matope hadi vifundoni.
Hajapona kabisa. Kuna asubuhi, alisema, bado nzito,
ila kaka yake sasa hupitia saa kumi na mbili unusu
akijifanya anatafuta koleo.
"Koleo lenyewe analo yeye."
Akacheka. Nikatia alama: siku kadhaa.
Nilipofunga mkoba akaniita.
"Dada wa maswali. Wewe je, hujambo?"
Sijambo, nikasema.
Akangoja.
Kuku, tena. Mvua juu ya mabati ya tanuri.
Akangoja kama mtu aliyefundishwa kungoja na udongo.
"Ila," nikasema,
"kulikuwa na mtu akiitwa Asava."