Jalada la Faini

Kalamu ya wino hairuhusiwi humu.
Bi. Adventina ananipa penseli fupi,
imetafunwa kisogoni na mtu aliyenitangulia.
"Masanduku matatu kwa siku, mwanangu.
Ukikuta mchwa, usimfikiche juu ya karatasi."

Dirisha halifungiki. Kutoka Mwaloni
harufu ya dagaa inaingia bila kujiandikisha,
na visubi vya ziwa vinatua kwenye majalada,
nukta nyingi, sentensi hakuna.

Namtafuta Minza Lugedenga, bibi yangu,
aliyekatalia josho.
Tumelelewa na habari hiyo: siku walipokuja Igalula
ng'ombe wahesabiwe, waogeshwe, wapunguzwe,
aliketi mlangoni pa zizi, mtoto mgongoni,
akachambua pamba yake taratibu
kama mtu anayengoja mvua imalize shughuli zake.

Faharisi haimjui. Herufi M:
Mahindi, bei ya. Maji, visima vya.
Mamba, malalamiko juu ya.
Mamba wa ziwa wana kurasa mbili nzima.
Minza hana hata mstari.

Sanduku la kwanza, stakabadhi za kodi ya kichwa.
La pili, barua zinazolalamikia barua.
La tatu, chini kabisa, daftari la baraza,
jalada lake limeliwa pembe kama kitumbua,
mwandiko wa karani mgeni, aliyeletwa kutoka mbali,
herufi zimesimama wima, zimepigwa pasi.

*Jina: Nalema. Kosa: kukaidi amri ya josho.
Faini: shilingi thelathini.*
Chini yake: *Nalema. Kosa, kama hapo juu.*
Chini yake: *Nalema.*
Nimehesabu kumi na moja.
Na pembeni, kwa wino uliofifia, karani amejiandikia:
*Jina hili limeenea mno sehemu hizi.*

Nilicheka mpaka Bi. Adventina akashusha miwani.

Kwani leo asubuhi, kule Igoma,
mtoto wa dada yangu amesukuma bakuli la uji
mpaka ukingoni mwa meza, akanikazia macho,
akalisema neno hilohilo.
Nalema.
Sitaki. Nakataa. Na usiniulize tena.

Kumbe karani aliuliza, "Jina lako nani?"
nao, mmoja baada ya mwingine,
wakamjibu swali jingine.
Akaandika. Akakausha wino. Akaita, "Anayefuata!"

Sijui yupi kati yao ni wangu.
Bibi alikuwa na kovu la mundu kwenye dole gumba,
mama anakumbuka kovu, hakumbuki mkono.
Nimezipitia alama zote kwa kioo cha kukuzia:
mbili zina ufa katikati,
ya tatu labda ni ufa, labda ni karatasi iliyojikunja.
Na tusipambe sana: faini zililipwa.
Zililipwa kwa ng'ombe.
Kwa hiyo ng'ombe walipungua, kama ilivyotakiwa,
na mwenye daftari akafunga hesabu yake bila deni.
Hili halikuwemo kwenye habari tulizolelewa nazo.
Nimelinakili pia, kwa penseli ile ile fupi.

Saa tisa na nusu. Feni imezimwa.
Naomba nakala ya ukurasa mmoja.
Bi. Adventina anatazama kitambulisho changu,
anatazama daftari, anarudi kwenye kitambulisho.
"Kumbukumbu za watu binafsi hutolewa kwa ndugu tu.
Wewe hapa ni Lugedenga. Huyu ni Nalema.
Una uthibitisho wowote wa undugu?"

"Ninao," nikamwambia.
"Ana miaka mitatu.
Kesho nitakuja naye,
pamoja na uji wake."