Injini Baridi

Ilikufa Jumanne, ndoo ikiwa juu,
katikati ya ujia wa zizi,
ng'ombe sitini wakiitazama
kama watu waliofika matangani mapema.

Miaka ishirini na miwili kikatapila kile
kiligeuka palepale kilipo, kama mbwa atafutaye pa kulala,
kikisomba samadi, kikibeba marobota,
kikifukua njia ya lori la maziwa
theluji ya Wisconsin ilipofika kiunoni.
Sasa mafuta ya haidroli yametapakaa sakafuni
na Orrin, ndugu yangu, amepiga magoti
akisema lile neno ambalo mama alimkataza.

Siku kumi na moja tukashika sepetu.
Mgongo una hesabu zake, haukopeshi.

Cha kwanza kilikuwa kando ya barabara kuu,
rangi mbichi ya machungwa, hata boliti zimepakwa.
Saa elfu mbili tu za kazi, alisema muuzaji,
akigonga kioo cha mita.
Mke wangu Marlys hakumjibu. Aliinama akatazama kanyagio:
chuma kimelika mpaka kinang'aa kama kijiko cha urithi.
Saa elfu mbili hazili chuma hivyo.
Kisha akavua glavu, akaweka kiganja juu ya injini.
Ilikuwa na joto.
Saa mbili asubuhi, baridi ya kugandisha kope,
injini yenye joto ni shahidi
aliyefundishwa la kusema kabla hajaitwa.
Tukaaga. Mbuzi wa kwenye gunia
tulimnunua mwaka wa lile trela;
mfupa wake ungali kooni.

Cha pili kipya kabisa, kinanukia plastiki.
Kijana wa duka akawasha skrini, akawasha kiti,
Orrin akakaa humo akatabasamu
kama mtoto aliyeachwa peke yake na keki.
"Kikikataa kuwaka?" Marlys akauliza.
"Fundi anakuja na kompyuta."
"Kutoka wapi?"
Kijana akatazama dirishani, mbali.
Kipya kinyemi, najua,
lakini ng'ombe haahirishi kunya
kwa sababu fundi yuko njiani.

Cha tatu hakikutangazwa popote.
Dereva wa maziwa ndiye aliyetunong'oneza:
Ardis Stuessy, yule aliyeuza ng'ombe wake Oktoba.
Banda lake lilikuwa tupu, limefagiliwa mno.
Kikatapila kimesimama pembeni, rangi imechujuka,
kioo cha nyuma kimeshikwa kwa utepe.
Saa elfu sita na mia nne, wala hakuzificha.
Marlys akagusa injini: barafu.
"Nilijua utagusa," Ardis akasema.

Kikakohoa. Kikakohoa tena.
Kikatema moshi mweusi, kikanguruma.
Orrin akainua ndoo, akaiacha hewani,
nasi tukasimama tukiitazama,
dakika kumi, bila neno,
tuone kama itashuka.
Haikushuka hata unene wa ukucha.
Pini zilikuwa na grisi mbichi. Chini ya tumbo, tone moja moja.
"Sili ya dola tisa," Ardis akasema, "ipo pale mjini.
Nilichoka tu kuinama."

Akatupa na daftari: kila chujio, kila galoni ya mafuta,
mwandiko umeegemea mbele kama mtu apandaye kilima.
Mstari wa mwisho, Oktoba tisa.
Chini yake karatasi nyeupe.
Orrin alitaka kuomba apunguziwe mia tatu.
Marlys akamkanyaga mguu.

Tulifika nyumbani giza likiingia, theluji imeanza.
Kazi yake ya kwanza, kabla ya samadi, kabla ya majani,
ilikuwa kufungwa mnyororo
na kumvuta marehemu nje ya ujia,
taratibu, ng'ombe wakipisha,
ndoo yake ingali juu
kama mkono wa mwanafunzi
ambaye mwalimu hakumwona.