Mbatata za Mabela

Tulirudi kutoka Salala, manyunyu bado yamo viatuni,
nikafungua kabati la chini, pembeni mwa jiko:
mbatata kumi na moja tulizozisahau kikapuni
zimetoa macho,
na macho yametoa vidole vyeupe
vinavyopapasa ubao, vinatafuta mlango.

Nilitaka kuzitupa. Nyokabi akanishika mkono.
Miaka miwili yumo nyumbani mwangu
na hiyo ndiyo mara ya kwanza kunishika mkono.
"Hizi hazitupwi, mama. Hizi zinataka kuzikwa."

Ardhi ya Mabela ni kokoto na chumvi,
sururu ikigonga, cheche.
Na magoti yangu yalistaafu kabla yangu.
Basi tukachukua sanduku lililoleta kiyoyozi,
mshale mwekundu bado unaelekeza mbinguni,
tukalipigilia misumari, tukalipa miguu,
likasimama uani, linanifika kiunoni,
kama kitanda cha mgeni ambaye hatujui urefu wake.

"Sokoni Barka gunia ni riali ngapi?"
aliuliza Zahran, naye jibu analo.

Mchanga wa wadi ndoo sita,
samadi ya mbuzi wa Bi Thuraya,
majani makavu ya mlimau, maganda ya mayai.
Tukangoja Oktoba iishe, joto lipunguze kiburi.
Nyokabi akazikata kwa kisu cha matunda,
kila kipande na jicho lake,
akazipaka jivu la chetezo,
mbatata zangu zikaingia udongoni zinanukia udi.

Kiyoyozi kikazinywesha, tone, tone, ndoo kwa kutwa.
Disemba tukakizima,
zikanywa maji ya kuoshea mchele.

Majani yalipofika shubiri moja
akayafukia mpaka shingoni.
Nikapiga ukelele: unaua!
"Ukiyafunika ndiyo yanazaa,"
alijibu bila kugeuka,
kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake.

Siku hiyo ndiyo nilisikia habari za Kinangop,
baridi inayounguza majani alfajiri,
mama aliyesomesha watoto watano kwa magunia,
na neno waru, ambalo kinywani mwake
lilikuwa na uzito wa kitu cha kubebwa mgongoni.
Miaka miwili ananimenyea mbatata za katlesi,
maganda membamba, ungesoma gazeti ng'ambo yake,
sikumuuliza hata siku moja
mkono huo kaupata wapi.

Januari mkataba wake ukaisha.
Uwanja wa ndege, begi limeshapimwa,
aliniachia wosia mmoja:
"Usichimbe mpaka majani yalale yenyewe."

Yakalala mwisho wa Februari.
Tukatia mikono, mimi na wajukuu,
udongo una ubaridi wa ndani ya mtungi,
na kila kidole kikigusa duara, kelele:
"Batata! Batata!"
Herufi moja imeanguka
njiani, baina ya Unguja na hapa,
na mimi, kwa magoti haya, sikuinama kuiokota.

Arobaini na tatu.
Moja niliikata kwa koleo, ikalia maji.
Nyingine ndogo kama gololi, Ilham akaificha mfukoni.
Zahran alihesabu mara mbili, akagawa gharama:
"Kila moja baisa mia tatu na ushei!"
Usiku nikazipika kwa nazi na ndimu.
Mwenye hesabu alikula saba.

Nikampelekea Nyokabi picha.
Jibu likaja baada ya alfajiri:
ukungu, mabuti ya mpira, magunia yamefura ukutani,
halafu sauti yake, nyuma yake jogoo:
"Mama, hongera. Lakini ni ndogo.
Hamkufukia mara ya pili."

Nimeisikiliza tena na tena.
Mara ya kwanza alifukia yeye.
Mara ya pili ilikuwa yangu.