Mlima wa Nusu Milimita

Miaka ishirini na sita nimeipima nchi hii
kwa miguu mitatu ya chuma na jicho moja nililolifumba.
Niulize kimo cha jabali lolote kati ya Bidbid na Ibra,
nitakujibu kabla kahawa haijapoa.
Na mlima mmoja ulimea mezani kwangu,
ukila mkate, ukiomba chumvi,
nami sikuuona.

"Miwani ya tatu hii tangu Mfungo Mosi, Thureya.
Unaikalia?"
"Hapana, baba. Herufi ndizo zina vivuli."
Na kufikicha. Kufikicha kwa vifundo vya vidole,
asubuhi vumbi linapoingia kutoka mchangani,
usiku akisoma kemia,
kama mtu afutaye neno aliloliandika vibaya.
Nikasema: uvivu. Nikasema: simu.
Muuza miwani wa sokoni ndiye aliyesema:
jicho hili halitulii, mpelekeni Maskati.

Ruwi, ghorofa ya pili, chumba kisicho na dirisha.
Muzna, binti wa mashine, thelathini hajafika:
kidevu hapa, paji la uso hapa,
tazama taa, usipepese.
Mashine ikamtupia jichoni pete ndani ya pete ndani ya pete,
kama jiwe limedondoka kisimani
na mawimbi yakaganda.
Haikumgusa. Ilisoma tu
namna mwanga unavyorudi.

Kisha ramani ikajitandaza kwenye kioo
na sikuhitaji mkalimani.
Buluu, bonde. Kijani, mwinuko wa kawaida.
Manjano, punguza mwendo.
Na chini kidogo ya katikati, doa jekundu,
pale pete zilipobanana
kama mistari ya kontua penye poromoko.
Poromoko nalijua. Nimeteleza juu yake
na theodolaiti begani.
"Hapa pamechongoka," nikasema.
Muzna akageuka. "Nani kakufundisha?"
"Milima."

Mikroni mia nne hamsini na nane, akasoma,
unene wa konea mahali ilipo nyembamba zaidi,
na palipo pembamba husukumwa nje,
polepole, mpaka jicho lifanye koni.
Nikapiga hesabu: chini ya nusu milimita.
Nimewahi kukosea zaidi ya hapo
kwa ubutu wa penseli.

Yapo matone ya manjano. Ipo taa ya zambarau.
Konea hukazwa, kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani.
"Mlima hatuubomoi," Muzna akasema,
"tunauambia: hapo hapo."
Thureya akacheka, mara ya kwanza
tangu tutoke nyumbani.
Bibi yake wa Mkoani alimwita Kilimia,
maana jina ni lile, na nyota ni zile zile.
"Nitaweza kuzihesabu?"
"Kwa lenzi ngumu, labda. Siahidi."

Tukainuka. "Na wewe, mzee, kaa.
Jambo hili mara nyingine hupita katika damu."
Mimi? Mganga hajigangi,
na mpima hajipimi.
Lakini kidevu changu kikakaa pale,
plastiki bado ina joto la mwanangu.
Pete. Usipepese.

Jicho la kulia: kijani kote, shamba la majani ya mifugo.
La kushoto, lile nililolifumba
miaka yote nikichungulia darubini,
kilima cha rangi ya chungwa,
kidogo, kizee, kimelala.
"Hiki hakisogei tena," akasema. "Hujawahi kuona kitu?"

Nikafikiri.
Kambini, usiku, taa zimezimwa, wenzangu wanakoroma,
mwezi juu ya wadi
una mkia mfupi upande wa chini.
Sikumwambia mtu. Ungemwambia nini mtu?
Nilidhani ndivyo ulivyo.
Nilidhani tunauona wote.