Kibandiko cha Diski Namba Saba

Alifika saa tatu kasorobo, Bwana Shemahonge, mkaguzi wa mali,
baiskeli akaiegemeza chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji.
Mkononi vibandiko vya njano, vyenye namba.
"Binti Semkiwa, orodha hii hapa.
Hospitali, diski kumi na mbili. Ardhi, tisa. Maji, sita.
Nioneshe namba saba ya Hospitali, niibandike, niende zangu."

Nikamfungulia kabati. Baridi ikamrukia usoni.
Akahesabu vyuma kwa kidole, akahesabu tena.
"Hapa ishirini na nne. Karatasi inasema ishirini na saba.
Tatu zimekwenda wapi?"

Hazikwenda, Bwana. Hazikuja.
Hizo za kwenye karatasi ni diski pepe.

"Pepe?" Akacheka kwa kikohozi.
"Kama pepe za mpunga?"

Nikamkumbuka bibi yangu kule Mombo, ungo mkononi,
punje ikirudi, pepe ikienda na upepo.
Humu ni kinyume:
pepe ndiyo yenye jina,
punje haina mwenyewe.

Muuguzi wa zamu akiandika presha ya mgonjwa
anadhani kaiandika mahali pamoja.
Neno limekatwa kabla halijapoa:
kipande chuma cha tatu, kipande cha kumi na tisa,
kipande kando ya hati ya kiwanja cha mtu wa Pongwe,
kipande mgongoni mwa bili ya maji ya Makorora.
Vinalala kitanda kimoja, havijuani.
Anayevijua ni ramani,
na ramani, Bwana, ndiyo diski.

"Wewe unakaa Ngamiani," nikamwambia.
"Kibao cha Barabara ya Kumi na Nne kikianguka
barabara haijapotea.
Ipotee namba vichwani mwa watu,
barua yako itazunguka mpaka ichakae."

Alitikisa kichwa, si kwa kukubali.
"Na zile tatu?"

Ikabidi niseme.
Kila idara iliomba shamba, ikalima tuta moja.
Nikawapa wote shamba kwenye karatasi,
kwenye chuma nikawapa tuta.
Siku watakayokuja wote na majembe...
Kioo kilisema: asilimia themanini na nane.
Nikakigeuzia ukutani.

"Kule Ardhi," akasema polepole,
"mtu akigawa hivi tunampeleka mahakamani."

Hapo ndipo chuma cha kumi na moja kilipokufa.
Hakikulia. Taa ya kijani ikawa ya chungwa, basi.
Wenzake wakaanza kulikokotoa alilokuwa akilijua,
kama mtoto anayejua jumla ni kumi, moja ni saba,
aliyefutwa ni tatu.
Chuma cha akiba kikaamka, kikaanza kuandikiwa.
Hospitalini hakuna aliyeinua uso.

Nikakichomoa kilichokufa. Kilikuwa na joto bado.
Bwana Shemahonge akakipokea kwa mikono miwili,
akakipima uzito, akakigeuza,
akabandua kibandiko cha njano, HOSPITALI 7,
akakigandamiza juu yake kwa dole gumba.
"Hii angalau naishika," akasema, akatia sahihi.

Sikumbishia.
Nyuma yangu diski namba saba ilikuwa inaandika
homa ya mtu.
Nje alisimama muda mrefu
akilifuta tandiko la baiskeli kwa ile orodha.