Hodi ya Tatu

Siku mbili tulikuwa tukipanda ngazi ukutani:
Sikiliza. Hurumia. Aminika. Shawishi. Badilisha.
Projekta ikivuma kama nyuki,
na sisi, polisi wa nchi tatu, mandazi mdomoni,
tukiinakili ngazi hiyo kwenye madaftari yenye nembo.

Siku ya tatu simu ikanitoa ukumbini.
Barabara ya Kirinyaga, lojingi juu ya duka la springi za malori,
chumba kumi na nne. Kijana, kisu, na mfagizi wa lojingi.
Tumboni, alisema mwenyewe kupitia tundu la kitasa,
kete sitini na mbili.

Kete. Kwetu neno hilo ni la kizimbani tu.
Koplo Tatu Mhando, wa Tanga, aliyekaa kiti cha pili kulia kwangu,
alisema babake alikuwa fundi wa bao,
na kete kwao ni mbegu za mkomwe
zinazolala shimoni zikingoja mkono.

Sasa ngazi ya kweli: ghorofa nne,
mkojo, dizeli, mafuta ya chipsi za jana,
Inspekta Okwir wa Lira akihema nyuma yetu,
akiuliza kwa Kiswahili chake cha kambini
sheria ya nani inapanda hapa.
Yangu, nikamjibu. Jiji ni langu.

Nikashika kipaza sauti:
TOKA. WEKA KISU CHINI. UNA DAKIKA KUMI.
Nairobi hatuna "naomba";
hata chai tunaiagiza kama tunakamata mtu: Leta.
Jibu lilikuja: yowe la mfagizi,
na kitanda kikiburutwa hadi mlangoni.

Daktari, kwa simu: plastiki haina subira.

Tatu alinitoa kipaza sauti mkononi
kama unavyomtoa mtoto wembe.
Akavua buti.
Ndiyo, buti. Akazipanga kando ya mlango
kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa.

Hodi, akasema.

Kimya. Akazungumza na mbao:
mvua za Muheza mwaka huu,
machungwa yanavyooza barabarani kwa kukosa lori,
kwamba lafudhi hiyo ameijua tangu chini ya ngazi.
Hodi, kaka.

Ya tatu aliisema kama anayeaga.
Kisha akaondoka.
Haki ya Mungu, aliondoka. Akashuka vidato sita, akaketi,
kidole gumba kikichungulia kwenye soksi,
akaninong'oneza: Ukishabisha mara tatu, mlango ni wa mwenyewe.

Vijana wangu wa nyundo walinitazama.
Okwir alitazama saa.
Mimi nilitazama buti.
Ripoti inasema dakika kumi na moja.
Ripoti niliiandika mimi; nilibahatisha.

Kitanda kikakoroma sakafuni.
"Dada? Umeondoka?"
"Nipo ngazini."
"Mbona hukungoja?"
"Nimepiga hodi tatu."
Kimya tena, kile cha mtu aliyefumaniwa na malezi yake.
"Karibu, basi."

Mfagizi alitoka kwanza, na ndoo yake.
Mpaka leo sielewi kwa nini aliibeba ndoo.

Usiku huo, Kenyatta, pingu kwenye chuma cha kitanda,
tuligawana kazi. Okwir alichukua jina
la aliyemmezesha kule Kampala.
Tatu, namba ya mama yake Hizza. Mimi, kuhesabu.
Fomu moja, mihuri mitatu; kidau cha wino cha Okwir
kilikuwa kimekauka, akaazima changu.

Glavu juu ya glavu, beseni, taa nyeupe.
Hamsini na tisa. Sitini.
Alfajiri, sitini na moja.
Hizza Shekiondo, miaka ishirini na miwili, macho darini.
Daktari hakuondoka. Hakuna aliyeondoka.
Nami, nisiyejua kuomba hata chai,
nikajikuta nimeliinamia lile tumbo,
nikisema, polepole,
hodi.